Dalali Uliye Naye Ni wa Nani?

Dalali anayekuzungusha Buruburu, Umoja au Donholm jijini Nairobi hukuita "mkubwa", na kufikia saa sita mnaongea kama watu wa ukoo mmoja. Kabla hujamfungulia moyo, muulize: nani anakulipa? Kwa kawaida ni muuzaji, tena kwa asilimia ya bei. Bei ikipanda, kamisheni nayo inanona. Ukimnong'oneza, "Nina milioni sita, ila nikibanwa nitafika sita na nusu," jua umemwambia muuzaji.

Hapo dalali hajakosea. Kisheria, wakala humtumikia aliyemtuma na hapaswi kumficha jambo linalohusu mauzo. Wewe mnunuzi hapaswi kukudanganya, lakini kukupunguzia bei si kazi yake.

Balaa ni "cha juu". Mwenye nyumba anataka milioni 6, wewe unatajiwa milioni 6.6. Hiyo laki sita dalali anaitia mfukoni, au anagawana na wenzake waliopokezana habari. Huyo hamwakilishi mwenye nyumba wala wewe, anajiwakilisha. Utamtambua kwa jambo moja: hataki kabisa ukutane na mwenye mali.

Tangu 1984 Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inayomtaka kila wakala asajiliwe na bodi yao. Mtake akuonyeshe cheti cha usajili, pamoja na barua ya muuzaji inayomruhusu kuuza na inayotaja malipo yake. Ukitaka dalali wa upande wako, mwajiri wewe, mkubaliane ujira kwa maandishi.

Wakili pia ana upande. Yule "wa bei nafuu" unayeletewa na dalali huenda ni wa muuzaji, tafuta wako. Afanye upekuzi wa hati katika masjala ya ardhi au kupitia mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa, na aandike mkataba utakaosainiwa na pande zote mbele ya mashahidi. Ploti zinazouzwa kwa cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, kama zilivyo nyingi Embakasi, zinahitaji uangalifu maradufu, kwa kuwa cheti hicho si hati miliki.

Arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, ipitie kwa mawakili. Usiitume kamwe kwenye M-Pesa ya dalali.