Kilo zako zipime Nakasero, usingoje Entebbe

Na Mwandishi Wetu, Kampala

WAHENGA walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Anayetaka kuuona ukweli wa methali hiyo na asimame karibu na kaunta za ndege katika Uwanja wa Entebbe, saa mbili kabla ya ndege kuruka. Atawaona watu wazima na heshima zao, wengine wamevaa suti na wengine gomesi, wamepiga magoti sakafuni, masanduku wazi, nguo za ndani nje, wakibishana na kijana wa kaunta juu ya kilo sita.

Nimeyaona hayo mara nyingi katika safari zangu za Kampala. Kila mara hujiuliza kwa nini ugomvi ufanyike Entebbe, ilhali mzigo wenyewe umefungwa mjini, kilomita zipatazo 40 kutoka hapo, tena mahali penye mizani kila hatua. Ndiyo maana safari hii niliamua kuanzia sokoni.

Soko la Nakasero, chini ya kilima chenye jina hilo, ndipo wengi wanaoondoka Uganda wanapofungia safari. Anayerudi London au Toronto hununua hapo matoke, karanga, simsim na samaki wakavu. Ukifika Novemba, hununua pia nsenene, wale panzi wanaokaangwa na kuliwa kama njugu. Mapenzi ya Waganda kwa nsenene hayana mfano. Mwaka 2021 ilisambaa video ya abiria wakiwauzia wenzao nsenene ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikienda Dubai, na nchi nzima ikazungumza.

"Nnyabo, tiketi yako inasema kilo ngapi?" muuzaji mmoja alimwuliza mama aliyekuwa mbele yangu.

"Ishirini na tatu, masanduku mawili."

Muuzaji akapandisha katoni kwenye mizani, akaitazama, akatoa ndizi tano. "Nakuachia kilo moja ya kamba na gundi," alisema. "Mizani ya hapa na ya kule hazisalimiani."

Mama yule aliniambia kwamba anaishi Uingereza na kwamba alikuja kumzika mama yake mzazi. Alipokuwa akija, alinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa: moja ya kumfikisha Nairobi, nyingine ya kampuni ndogo ya kumtoa Nairobi hadi Entebbe. Tiketi ya kwanza ilimruhusu kilo 46, ya pili kilo 20. Pale Nairobi alidaiwa malipo ya kilo 26 zilizozidi.

"Pesa niliyoweka kwa ajili ya matanga ya mama ndiyo iliyolipia masanduku," alisema. "Nilibishana hadi sauti ikakauka. Yule binti wa kaunta akanionyesha tiketi yangu mwenyewe."

Hapo ndipo penye kiini cha migogoro mingi. Kilo unazoruhusiwa ni sehemu ya mkataba, na mkataba wenyewe ni tiketi. Ukiwa na tiketi moja kwa safari nzima, hata ukibadilisha ndege mara mbili, kwa kawaida kanuni za mzigo huwa za shirika moja kati ya yale yanayokubeba, utaratibu ambao mashirika ya ndege yaliukubali mwaka 2011. Kwa safari zinazoanzia au kuishia Marekani, sheria ya huko inataka kanuni za mzigo zilizotumika mwanzo zifuatwe hadi mwisho. Lakini ukinunua tiketi mbili mbalimbali, umefunga mikataba miwili. Shirika la pili halijui wala halijali la kwanza lilikuruhusu nini.

Tena kuna mashirika yanayohesabu kilo na yanayohesabu masanduku. Kwa wanaohesabu kilo, kilo 30 waweza kuzigawa upendavyo. Kwa wanaohesabu masanduku, ukiruhusiwa mawili ya kilo 23, sanduku moja la kilo 28 na jingine la kilo 15 bado litakuletea balaa, ingawa jumla haijafika 46. Na sanduku moja likizidi kilo 32, mashirika mengi hulikataa hata ukiwa na pesa mkononi. Sababu ni migongo ya wapakizi, maana sanduku hilo atalinyanyua binadamu.

Kwa nini kilo moja iliyozidi iwe ghali hivyo? Desturi ya miaka mingi ya mashirika yanayohesabu kilo ilikuwa kutoza asilimia 1.5 ya nauli kamili ya kwenda tu ya daraja la kawaida. Zingatia neno kamili. Haikuwa nauli ya punguzo uliyolipa wewe, bali ile ya juu. Siku hizi mengi yana bei zao yenyewe, nyingine kwa kilo na nyingine kwa sanduku zima, lakini uchungu ni ule ule.

Uchungu huo anaujua dada mmoja mfanyabiashara wa Bukoba niliyekutana naye karibu na soko. Yeye huvuka mpaka wa Mutukula kwa basi, hupandia ndege Entebbe, hununua nguo Dubai, kisha hurudi kwa njia hiyo hiyo. Alinipigia hesabu yake kwenye kipande cha boksi. Tuseme nauli kamili ni dola 400. Asilimia 1.5 ni dola sita kwa kilo. Akizidisha kilo 15, analipa dola 90. Ndani ya kilo hizo zimo blauzi 60, na kila blauzi humpa faida ya dola moja na nusu. Jumla ya faida ni dola 90.

"Umeona, kaka?" aliniuliza. "Nimelala uwanjani, nimebeba, nimeuza, na sikupata kitu. Faida yote imebaki kaunta."

Siku hizi dada huyo hutenganisha mzigo wake. Nguo za kuuza haraka husafiri naye, zilizobaki huzituma kama shehena, ambayo mara nyingi huwa na bei ndogo kwa kilo. Lakini shehena nayo ina mtego wake, kwani hupimwa kwa uzito au kwa ukubwa, kile kinachozidi. Kanuni ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 itahesabiwa kilo 20 hata ukiijaza pamba tupu. Mwenye kutuma mito na makoti ajihadhari. Na anayerejea nyumbani moja kwa moja, vyombo vyake vikifuata nyuma, akumbuke kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inataka vifike ndani ya siku 90 tangu alipowasili yeye, ama aombe aongezewe muda mapema.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Je, yaweza kudanganya? Yaweza, kama mizani nyingine yoyote. Kwa sababu hiyo mizani ya kutozea pesa inatakiwa kisheria kukaguliwa na kuwekwa alama: Uganda kazi hiyo ni ya UNBS, shirika la viwango, na Tanzania ni ya Wakala wa Vipimo. Kabla sanduku halijapanda, tazama namba. Mizani tupu isome sifuri. Hakikisha mguu wa mtu au kitoroli hakijaigusa, na sanduku halijaegemea ukuta. Ukiwa na shaka, omba kwa upole mzigo upimwe kwenye mizani ya kaunta ya jirani. Hilo ni ombi la haki, na likitolewa bila matusi aghalabu hukubaliwa.

Liko pia jambo ambalo wengi hulijua na wachache hulitaja. Wakati mwingine mtu hukusogelea na kukunong'oneza kwamba kilo zako 12 zaweza "kusahauliwa" kwa kitu kidogo. Kataa. Malipo halali yana stakabadhi yenye jina lako na kiasi ulicholipa, na ni stakabadhi hiyo utakayoishika ukitozwa tena mbele ya safari. Aliyepokea kitu kidogo hatakuwepo Dubai wala Amsterdam utakapoulizwa.

Tena andiko la kilo si karatasi ya mchezo. Chini ya mkataba wa zamani wa Warsaw, mzigo ukipotea ulilipwa karibu dola 20 kwa kila kilo, hivyo kilo zilizofichwa hazikuwa na mtetezi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya, Tanzania na Uingereza ni wanachama wake, unahesabu kwa abiria badala ya kilo. Tangu Desemba 28, 2024, kikomo cha fidia ni 1,519 za kipimo cha fedha kinachoitwa SDR, kama dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo tu. Utatakiwa kuonyesha ulipoteza nini. Mwenye mali ya thamani zaidi aweza kuitangaza kaunta na kulipia nyongeza.

Sanduku likiharibika, andika malalamiko ndani ya siku saba tangu ulipolipokea. Likichelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likikosa kuonekana kwa siku 21, huhesabiwa limepotea, na haki ya kwenda mahakamani hudumu miaka miwili. Kwa hiyo piga picha sanduku likiwa wazi kabla ya kulifunga, na usiitupe lebo.

Ukilazimika kuhamisha vitu kaunta, usihamishe ovyo. Betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi katika sanduku linaloingia chini ya ndege. Hubaki kwenye mzigo wa mkononi, ambao kwa mashirika mengi una kikomo cha kilo saba.

Yule mama wa Uingereza alikuwa na sanduku la pili, la vitu vya marehemu. Lilipopimwa lilisoma kilo 25. Hakubishana na mtu. Alitoa unga wa muhogo na pakiti mbili za karanga, akampa kijana mbeba mizigo aliyekuwa pembeni. Gomesi ya mama yake aliikunja upya, akairudisha ndani, mizani ikasoma 22 na nusu.

Uamuzi huo wa kipi kibaki na kipi kiende ni wa mwenye mzigo. Ni afadhali aufanye sokoni, ana muda na akili imetulia, kuliko kuufanyia sakafuni huku watu 200 wakimsubiri nyuma yake.