Tawi la Wafanyakazi wa Stima na Vijana Wetu Wanaochimba Mashimo

Stima ikipotea siku tatu, wengi wetu husema, "Hao watu wa stima wamelala." Ni mara chache tunauliza hao watu ni akina nani, nani amewaandika kazi, na wakiumia wanatetewa na nani. Tungependa kulieleza jambo hilo hapa, kwa sababu siku hizi baadhi ya hao watu ni watoto wetu wenyewe, na mambo yakiharibika ni vikundi vyetu vinavyoombwa mchango.

Wafanyakazi wa stima katika Kenya wana chama chao, KETAWU. Wanachama wake wako katika kampuni kama Kenya Power, inayotunza laini na kutuuzia stima, na KenGen inayoizalisha. Chama hicho nacho ni mwanachama wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi ulioundwa mwaka wa 1965. Huku chini, yunioni, kama wengi tunavyoiita, huonekana kupitia tawi. Tawi si kitu kigeni kwa wanavikundi. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna mweka hazina, na kila mwezi kuna mchango, isipokuwa wao hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kule kazini kuna mwakilishi wa wafanyakazi. Mtu akionewa na mkubwa wake, ama akipewa kazi ya hatari bila vifaa, huanzia kwa huyo mwakilishi.

Nguvu ya chama hutoka kwa sheria. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema mwajiri lazima akitambue chama kikiwa kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Hapo ndipo pande mbili hukaa mezani na kutia sahihi mkataba wa pamoja: mshahara, likizo, saa za kazi, marupurupu. Na mgomo si jambo la kuamka asubuhi na kutupa koleo chini. Ni lazima kwanza mapatano yajaribiwe, kisha notisi ya maandishi ya siku 7 itolewe.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Mwaka wa 2015 mpango wa Last Mile ulianza, wa kuwafikishia stima watu walio mita 600 kutoka kwa transfoma. Ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Vijiji vingi vilifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini kazi nyingi ya namna hiyo hupewa makontrakta. Kontrakta naye humpa mwingine, na huyo wa mwisho hutuma fomeni kijijini kutafuta vijana wa kulipwa kwa siku. Kijana aliyekuwa akipanda mahindi jana, leo anachimba shimo la zaidi ya mita moja na nusu, anabeba nguzo na wenzake, anavuta waya. Pengine kesho anaambiwa apande juu.

Huyo kijana hayumo katika mkataba wa pamoja. Mwajiri wake si kampuni ya stima, ni huyo kontrakta, na kwa kontrakta pengine hakuna chama kabisa. Hiki ni kilio cha siku nyingi cha vyama vya wafanyakazi wa stima, si hapa kwetu tu bali pia katika nchi nyingine: kazi ya fundi aliyefundishwa inafanywa na kibarua asiyefundishwa. Hatusemi kwamba chama hakina maslahi yake. Kazi zikihamia kwa makontrakta, wanachama hupungua, na michango pia. Hata hivyo neno lao kuhusu usalama ni la kweli. Fundi aliyefundishwa huigonga nguzo na kuichimbua kidogo chini kabla ya kupanda, kwa sababu mbao huoza pale inapogusana na udongo. Nguzo iliyooza yaweza kuwa imesimama kwa kushikwa na nyaya tu. Ukizikata nyaya ukiwa juu, inaanguka nawe. Kibarua wa siku mbili atayajulia wapi hayo?

Akianguka, mambo huenda hivi. Fomeni humpeleka hospitali, huacha pesa kidogo, kisha simu yake haipatikani. Wazee hukaa na kuitisha harambee. Kikundi cha akina mama hutoa pesa za mzunguko. Baada ya miezi 6 kijana ana mguu mbovu na ukoo una deni. Kusaidiana ni kuzuri, wala hatulaumu mtu, lakini deni hilo sheria imelipeleka kwingine.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Haimlindi mtu wa ofisi peke yake. Kontrakta aliyemwandika kijana ndiye mwajiri. Akishajua kuna ajali ana siku 7 za kuiripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Matibabu ni juu yake. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, aliyeumia hulipwa mapato yake kwa muda usiozidi miezi 12. Akibaki kilema asiyeweza kazi tena kabisa, fidia yake hupimwa kwa mapato ya miezi 96. Akipoteza kiungo tu, hupata sehemu ya hiyo kulingana na daktari alivyoandika. Tena mjihadhari na mawakala wanaosema twende kortini moja kwa moja. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, na korti huja baadaye kwa rufani.

Kuna jambo lingine vijana hawalijui. Sheria ya Kazi ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake hufika mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa mtu wa siku. Kwa hiyo ule usemi wa fomeni, "wewe ni kibarua tu," mara nyingi si kweli.

Shida huwa ni ushahidi. Hapa kikundi kinaweza kusaidia kuliko harambee. Kontrakta akiingia kijijini, katibu aandike jina la kampuni lililo kwenye gari, namba ya gari, jina la fomeni na simu yake. Vijana waandike siku walizofanya kazi, na wasifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo yao. Ujumbe huo ndio mkataba wa mtu asiye na mkataba.

Tukiwa bado na hawa watu wa stima, kuna hatari ambayo sisi wenyewe huwapelekea. Stima ikipotea, mwenye duka ama kinu huwasha jenereta. Akiwa ameichomeka kwenye waya za nyumba bila swichi ya kubadilisha, umeme wake hautulii ndani. Hutoka kupitia mita hadi kwa transfoma. Transfoma, ambayo kazi yake ni kushusha volti 11,000 ziwe 415 na 240, hufanya kazi kinyumenyume na kuzipandisha tena kuwa maelfu. Fundi aliye kilomita kadhaa kutoka hapo anajua laini imezimwa. Mafunzo yanamtaka apime kwanza, kisha aiunganishe laini na ardhi kwa waya pande zote mbili, na hilo humwokoa. Kijana wa kontrakta asiye na kifaa cha kupimia hana kinga yoyote. Basi kikundi chenye jenereta ya kinu ama ya pampu kimwite fundi mwenye leseni ya EPRA aweke hiyo swichi, ili stima ya nje ikatike kabisa kabla ya jenereta kuwaka.

Vile vile zile waya za kumvutia jirani stima kwa kuzifunga kwenye miti ziondolewe. Fundi hawezi kuzijua, kwa kuwa hazimo kwenye ramani yake.

Kwa walio na mtu aliyeumia tayari: ulizeni ofisi ya kazi ya kaunti, nao watawaelekeza kwa ofisa wa usalama na afya kazini, hata kama kontrakta hakuripoti. Madai hupelekwa kabla ya miezi 12 kwisha. Miezi hiyo huhesabiwa tangu siku ya ajali, si tangu siku ya kutoka hospitali, na kama mtu amefariki, tangu siku aliyofariki.