Mkono Usiohisi Haujilindi

Katika enzi za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo au Ujiji alilindwa na nyayo zake. Ndizo zilizomwonya juu ya mwiba kabla haujazama. Hisia ya kugusa ni mlinzi asiyelala, na hasara ya kumpoteza yafahamika mkoani humu. Huko Sikonge, kusini mwa Tabora, hospitali ya Kanisa la Moravian iliwahudumia wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi.

Wengi huamini kwamba ukoma hula vidole. Sivyo. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alidhihirisha kwamba vidole hupotea kwa majeraha yasiyosikika. Viini vya ugonjwa huharibu mishipa ya fahamu. Mgonjwa hushika sufuria ya moto, au kuchochea kuni katika bani la tumbaku, asijue kwamba anaungua. Kidonda kisichouma hakitunzwi, na kisichotunzwa hufika mfupani.

Je, hisia iliyopotea yaweza kurudishwa? Tangu miaka ya 1930, Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, alionyesha kwamba umeme hafifu ukigusa sehemu fulani ya ubongo, mtu huhisi kana kwamba mkono wake umeguswa. Mwaka 2016, wataalamu wa Pittsburgh, Marekani, walitangaza kwamba kijana aliyepooza kwa kuvunjika shingo amehisi tena vidole vyake. Walikuwa wamepandikiza elektrodi ndogo katika ubongo wake. Mkono wa mashine ulipoguswa, umeme ulipeleka habari moja kwa moja ubongoni. Mwaka 2021 walieleza kwamba, kwa msaada wa hisia hiyo, muda wa kushika na kuhamisha kitu ulipungua kutoka sekunde 21 hivi hadi 10.

Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini yahitaji upasuaji wa ubongo, mitambo na wataalamu wengi, na imejaribiwa kwa watu wachache waliopooza, si kwa wenye ukoma. Brand mwenyewe alipojaribu kuwatengenezea wagonjwa glavu za kuwaonya kwa umeme, hakufaulu. Aliyeumbwa na mlinzi wake hapati badala yake kwa urahisi.

Kwa hiyo hatuna budi kumlinda mlinzi tuliye naye. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Dawa mseto, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huponya ukoma kwa miezi 6 au 12, nazo hutolewa bure. Zaidi ya hayo, ganzi ambayo haijapita miezi sita yaweza kupungua, pengine kuondoka, mgonjwa akipewa prednisoloni chini ya uangalizi wa mganga. Ikichelewa, dawa huua viini, lakini hisia hairudi.

Basi, mwenye baka lisilowasha wala kuuma, au mkono uliokufa ganzi, asijifiche kwa haya, wala jirani asimcheke. Aende kituo cha afya mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta huu, hata mabingwa wa Pittsburgh bado wanauweka matofali ya kwanza.