Jiko Katika Miezi ya Baridi: Maharagwe, Mkate, na Hatari Isiyoonekana

Tangu mwezi wa Juni mpaka katikati ya Agosti, wakazi wa nyanda za juu za Kenya hupata siku nyingi ambazo jua halionekani kabla ya adhuhuri. Upepo wa kusi huleta kutoka baharini hewa yenye unyevu, hewa hiyo hupanda milima na kupoa, na mawingu hutanda chini chini juu ya Limuru, Kinangop, Nyeri na hata Nairobi. Usiku wa Julai mjini Nairobi baridi huweza kuteremka mpaka digrii 10 au 11 za Sentigredi. Huko Kinangop hupungua zaidi, na asubuhi nyingine nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Mgeni aliyetoka Mombasa akiwa na shati jepesi hujuta kabla ya jioni.

Wakati huu akina mama huwa na malalamiko matatu. Makaa yanakwisha upesi mno, maharagwe hayataki kuiva, na mkate hauumuki. Wengine husema mbegu ya maharagwe ni mbaya, au hamira ni ya zamani, au mwenye duka amechanganya unga. Yawezekana kuwa ni kweli mara moja moja, lakini mwenye duka hulaumiwa kuliko anavyostahili. Mambo haya yote matatu yana asili moja, nayo ni joto: mahali linapotoka, mahali linapokwenda, na namna ya kulizuia lisitoroke.

Tuanze na maharagwe. Watu wengi hudhani ya kuwa maji yanayochemka yana joto lile lile kila mahali. Sivyo. Kule pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini kwa kila mita 300 mtu anazopanda kutoka usawa wa bahari, joto la kuchemka hupungua kiasi cha digrii 1. Sababu ni kwamba hewa ya milimani ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, na kwa hiyo maji huanza kugeuka mvuke mapema. Nairobi, yenye kimo cha kama mita 1,700, maji huchemka karibu na digrii 94. Na katika sehemu za Kinangop zilizo juu kama mita 2,500 huchemka kwa digrii 91 au 92. Ndiyo maana githeri, ambayo watu wa pwani huiita pure, huchukua muda mrefu zaidi huko juu, hata kama mahindi na maharagwe yametoka gunia moja.

Kutokana na jambo hilo huzaliwa kosa ambalo hugharimu nyumba nyingi makaa. Mpishi akiona chakula kinachelewa, huongeza makaa na kupepea mpaka sufuria inatokota kwa kelele. Lakini maji yakiisha kuchemka, moto mkali hauyaongezi joto hata digrii moja. Huongeza mvuke tu, na mvuke huo hupaa na kwenda zake pamoja na fedha ya makaa. Moto mdogo unaoyaweka maji katika mchemko wa taratibu, chini ya kifuniko, huivisha maharagwe kwa muda ule ule. Sufuria ya presha hushinda tatizo hili, kwa kuwa huufungia mvuke ndani na kuyapandisha maji joto, lakini si kila nyumba inayo.

Jambo la pili ni kuyaloweka maharagwe usiku kucha, kisha kuyamwaga maji yale na kutia mengine. Wako wanaotumia magadi ili yalainike upesi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini, na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni. Yafaa zaidi kununua maharagwe ya mavuno mapya, maana yaliyokaa ghalani miaka miwili huwa magumu, na hata magadi hayafui dafu.

Msaada mkubwa kuliko yote ni kapu la majani makavu. Watu wa Uingereza walilitumia sana wakati wa vita vya 1939 mpaka 1945, makaa na gesi vilipokuwa vya kupimiwa, na akina mama wa Kenya nao wamefundishwa kulitengeneza. Gharama yake ni ndogo sana. Hutwaliwa kapu kubwa au sanduku la mbao, hutandikwa nyasi kavu zilizoshindiliwa, unene wa kiganja cha mkono chini na kandokando, na katikati huachwa tundu linaloitosha sufuria barabara. Juu huwekwa mto wa gunia uliojazwa nyasi zile zile. Kazi yake ni kama ya blanketi. Blanketi halitoi joto. Huzuia joto la mwili lisitoke, kwa sababu limeshika hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake. Nyasi zikilowa manyunyu hazifai tena mpaka zianikwe.

Maharagwe yaliyolowekwa huchemshwa motoni kwa dakika 30 au 40, sufuria ikiwa karibu kujaa, kisha hufunikwa na kutiwa kapuni mara moja yakiwa bado yanatokota. Huachwa humo kwa saa 4 au 5, na hapana ruhusa ya kufungua na kuchungulia, maana kila kuchungulia ni joto limepotea. Mchemko ule wa kwanza usipunguzwe. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili, ambayo huvunjwa na maji yanayochemka sawasawa, wala si na maji ya uvuguvugu. Mtu akiyatia kapuni bila ya kuyachemsha vizuri, watakaoyala huweza kutapika na kuhara. Yakitoka kapuni huchemshwa tena pamoja na kitunguu na mafuta, kisha huliwa.

Sasa ni lazima kusema habari ya jiko lenyewe, kwa sababu kila mwaka katika miezi hii watu hufa nalo. Hufa bila ya moto kuwaunguza.

Mambo huwa hivi. Chakula cha jioni kimekwisha kupikwa nje au barazani, na makaa yamebaki mekundu mazuri, hayana moshi. Nyumba ni chumba kimoja, upepo ni mkali, watoto wanatetemeka. Mama huona ni hasara kuyaacha makaa yapoe bure. Hulichukua jiko na kuliingiza ndani, hufunga mlango, huziba dirisha kwa gunia, na jamaa yote hulala kwa raha. Hata katika miji, ambako wengi sasa hupika kwa gesi, jiko la makaa hutunzwa kwa ajili ya githeri na kwa ajili ya baridi, na jambo hili hutokea huko vilevile.

Watu hudhani ya kuwa hatari iko katika moshi, na ya kuwa moshi ukiisha, hatari imekwisha. Hapo ndipo wanapopotea. Makaa yakiungua mahali ambapo hewa haitoshi hutoa hewa ya sumu ambayo wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho wala koo. Mtu akiivuta huingia katika damu na kukishika kitu chekundu kinachobeba oksijeni mwilini, tena hukishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu huendelea kuzunguka, lakini haina mzigo inaoupeleka. Mwenye kulala hazinduki. Na jiko lililofunikwa majivu ili liwake polepole mpaka asubuhi bado linatoa sumu hiyo, saa baada ya saa.

Wako wanaoweka sufuria ya maji kando ya jiko wakiamini kwamba maji huinyonya sumu. Hayainyonyi. Wengine huacha ufa mdogo dirishani, lakini ufa huo hauwezi kutegemewa. Mahali pa jiko linalowaka si chumba cha kulala, basi.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria au mafua, wengi humeza vidonge na kurudi kulala katika chumba kile kile. Yafaa kuuliza: je, watu wote wa nyumba wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu? Ikiwa ni hivyo, jiko lishukiwe kwanza. Mlango ufunguliwe wazi, watu wote watolewe penye hewa safi, jiko litolewe, na mgonjwa apelekwe hospitali apewe oksijeni, hata akisema amepona. Mwenye mimba na mtoto mchanga wasicheleweshwe kabisa, maana mtoto aliye tumboni huweza kudhurika zaidi ya mama yake.

Bila ya jiko, chumba kitapataje joto? Kweli baridi ni baridi, na hapana dawa moja ya kuitosheleza. Lakini uji wa wimbi ulio moto kabla ya kulala husaidia. Magazeti ya zamani yakitandikwa chini ya godoro huzuia baridi ya sakafu. Chupa ya mpira yenye maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa nguo ili isimuunguze mtoto, hukaa na joto kwa saa kadhaa kitandani.

Katika vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, mapishi na usafi wa nyumbani yalikuwa miongoni mwa mafunzo ya kwanza, na nyumba nyingi zisizo na tanuri zimejua tangu hapo kuoka kwa debe au kwa sufuria mbili. Lakini mpishi wa nyanda za juu anayefuata maneno ya mpishi wa Mombasa mwezi wa Julai ataona haya mbele ya wageni. Hamira ni kitu chenye uhai. Hupenda joto la digrii 25 mpaka 30. Katika baridi ya digrii 12 husinzia, na katika maji yanayokaribia digrii 60 hufa. Basi anayeona donge haliumuki, akakasirika na kutia maji ya moto sana, ameiua hamira kabisa. Maji yafaayo ni yale ambayo tone lake likitiwa juu ya kifundo cha mkono halisikiki baridi wala halichomi.

Kwa kilo 1 ya unga wa ngano hutiwa vijiko 3 vya chai vya hamira kavu, vijiko 2 vya chai vya chumvi, vijiko 2 vya mezani vya sukari, vijiko 3 vya mezani vya mafuta, na maji ya uvuguvugu kiasi cha vikombe 2 na nusu. Donge hukandwa kwa dakika 10 au zaidi mpaka liwe laini na lisishike mkononi. Kisha huwekwa ndani ya bakuli lililofunikwa, na bakuli huwekwa ndani ya karai lenye maji ya uvuguvugu, au ndani ya lile lile kapu la nyasi. Likiongezeka mara mbili, liko tayari, hata kama saa inasema vingine. Wakati wa baridi, kumwamini donge ni bora kuliko kuiamini saa.

Iko njia nyingine, nayo huigeuza baridi kuwa mtumishi. Jioni unga hukandwa kwa hamira kijiko 1 tu cha chai badala ya 3, hufunikwa vizuri, na kuachwa jikoni usiku kucha. Hamira kidogo katika baridi hufanya kazi polepole kwa saa 10 au 12, na katika muda huo mrefu unga hupata ladha ambayo mkate wa haraka hauna. Asubuhi donge hukandwa kidogo, hugawanywa na kutiwa katika mikebe iliyopakwa mafuta, na kuachwa karibu na jiko mpaka liumuke mara ya pili. Mke wa nyumba hii hakuamka alfajiri, na hamira yake itamtosha mara tatu.

Kwa kuoka, sufuria kubwa hutandikwa mchanga mkavu au vijiwe vitatu, ili mkebe usiguse chini na kuungua, kisha huwashwa moto mpaka ipate joto sawasawa. Mkebe huingizwa, sufuria hufunikwa kwa bati, na makaa hutiwa juu ya bati. Hapo wengi hukosea: huweka makaa mengi chini na machache juu, na mkate hutoka mweusi chini na mbichi juu. Yafaa kuwa kinyume, machache chini na mengi juu. Jiko la bati lililotandikwa udongo wa kuchomwa ndani, ambalo lilianza kuuzwa Kenya katika miaka ya 1980, hufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa hulishika joto na kula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Baada ya dakika 40 au 50 mkate hutolewa na kugongwa chini kwa kidole. Ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Ukilia kizito, urudishwe. Usikatwe kabla ya kupoa, ijapokuwa watoto hawapendi kusikia habari hiyo, kwa maana mkate wa moto hushikana na kisu.

Makaa yanayobaki juu ya bati bado yana joto la kutosha kuviivisha viazi vitamu vilivyovumbikwa majivuni, huko nje chini ya upenu, ambako jiko hubaki mpaka asubuhi.