Si kila asahauye ni mzembe

Je, msomaji, kuna mtu nyumbani au kazini kwako mwenye akili nzuri, ajuaye kazi yake barabara, lakini hamalizi analolianza? Hununua tokeni ya stima baada ya nyumba kuingia giza. Kila asubuhi hutafuta funguo. Ukimtuma sukari dukani hurudi na mkate, maziwa na habari za jirani, lakini sukari hakuna. Yamkini mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Miaka michache iliyopita alikuja katika kliniki yangu mama mmoja wa miaka 38, karani wa ofisi. Alilalamika kuumwa na kichwa na kukosa usingizi. Nilimpima shinikizo la damu, nikampa dawa ya maumivu na kumshauri apumzike. Alirudi, nikamwambia yale yale. Mara ya tatu alilia. Alikuwa amepewa barua ya pili ya onyo kazini, na wenzake katika chama walikuwa wamemwondoa katika kazi ya mweka hazina. Pesa hazikupotea hata shilingi. Kilichopotea ni daftari, tena mara mbili. "Daktari, mimi si mwizi na si mvivu," aliniambia. "Lakini hata mimi sijui nina nini."

Nakiri kwamba ni siku hiyo tu nilipomwuliza swali ambalo ningemwuliza tangu mwanzo: mambo haya yalianza lini? Akajibu kwamba hakumbuki wakati ambapo hayakuwapo. Ripoti zake za shule ya msingi ziliandikwa muhula baada ya muhula kwamba ana uwezo ila hatii bidii. Alichapwa kwa kusahau vitabu, akachapwa kwa kuota mchana darasani.

Hali aliyokuwa nayo huitwa ADHD, ufupisho wa jina lake la Kiingereza. Kwa Kiswahili twaweza kuiita upungufu wa umakini na utulivu. Si jambo lililozuka juzi. Mnamo mwaka wa 1902 daktari wa watoto huko London, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake juu ya watoto wasioweza kujizuia wala kutulia ingawa akili zao zilikuwa timamu. Kwa miaka mingi baadaye sisi madaktari tuliamini kwamba mtoto akikua huiacha hali hiyo. Leo twajua kuwa wengi huingia nayo utu uzima, na inakadiriwa kuwa watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wanayo.

Ila sura yake hubadilika. Mtoto wa kiume aliyekuwa akipanda madawati huwa mzee atikisaye mguu mkutanoni, akatizaye wenzake maneno, anunuaye kitu kabla ya kupiga hesabu. Wasichana wengi hawapandi madawati. Hukaa kimya wakitazama nje ya dirisha, na kwa kuwa hawamsumbui mwalimu, hakuna awatambuaye mpaka wawe na ajira, watoto na chama cha kuendesha.

Tofauti imo katika namna ubongo, hasa sehemu yake ya mbele, unavyotumia kemikali za kupeleka habari, miongoni mwazo dopamini na noradrenalini. Sehemu hiyo ndiyo hupanga, hungoja na kukumbusha. Hivyo basi mwenye ADHD hakosi kujua la kufanya. Hulijua vizuri, pengine kukushinda wewe. Kinachomshinda ni kulifanya kwa wakati wake, hasa likiwa halina ladha. Hapa ndipo jamaa hukosea. Mume wa mama huyu aliniuliza, mbona anaweza kushona nguo saa nne mfululizo bila kuinua kichwa? Ni kwa sababu kushona kunamvutia. Fomu za ofisini hazimvutii, na ubongo wake hauwezi kujisukuma kama wako.

Si uchawi, si malezi mabaya, wala si sukari nyingi utotoni. Aghalabu hali hii huandama ukoo. Mama huyu alipoielewa ndipo alipomleta pia kijana wake wa miaka tisa.

Hata hivyo, msomaji, usijipe jina hili upesi. Sote husahau, na simu zimetuharibu sote. Ili daktari aseme ni ADHD, dalili sharti ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, na ziwe zinakuharibia maisha. Ikiwa ulikuwa mtu wa mipango mpaka ulipofika miaka 40, kisha mwaka jana ukaanza kusahau, hiyo si ADHD. Tafuta kisababishi kingine: upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya shingoni, ugonjwa wa huzuni, pombe, kukosa usingizi, au pigo la kichwa katika ile ajali ya bodaboda uliyosema haikukuumiza. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ionyeshayo ADHD. Daktari huitambua kwa maswali mengi, na hupenda kumsikia pia mtu aliyekujua ukiwa mdogo.

Dawa zipo. Itumiwayo sana ni methilifenideti, ambayo huanza kufanya kazi siku ile ile. Nyingine, atomoksetini, huchukua majuma kadhaa. Huweza kupunguza hamu ya chakula, kuvuruga usingizi, kuongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo ni lazima upimwe kabla na baada ya kuanza. Methilifenideti hudhibitiwa kisheria. Usimeze ya rafiki, wala usiinunue kichochoroni.

Kuna wagonjwa walioniambia kwamba walishajitibu kwa miraa, kwamba wakitafuna kichwa hutulia na kazi huenda. Nawaamini. Miraa ina kathinoni, ambayo ni jamaa ya zile kemikali zichangamshazo ubongo. Lakini hakuna ajuaye kipimo kilichomo katika kitita kimoja, usingizi hutoroka, shinikizo hupanda, na kesho yake umakini huwa umepungua kuliko jana. Anayeendesha gari asithubutu, kwani watu wenye ADHD tayari hupata ajali nyingi kuliko wengine.

Tena dawa pekee haitoshi. Kwa mwenye hali hii, kila jambo linalofaa kukumbukwa litoke kichwani na kukaa mahali linapoonekana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwake hata siku huhitaji daftari. Liwe daftari moja. Mama yule alikuwa nayo matano. Tulikubaliana kwamba litafungwa kwa kamba kwenye mkoba, na funguo zitundikwe kwenye msumari mlangoni, si mezani. Kodi na karo hulipwa siku ile ile mshahara unapoingia. Simu humlilia mara mbili, mara moja ya kujitayarisha na nyingine ya kuondoka. Fomu ndefu hujazwa akiwa na mwenzake kando, hata kama mwenzake huyo anachambua mchicha tu. Usingizi na kutembea kwa miguu pia humsaidia.

Nawe uishiye na mtu kama huyu, usimtume mambo matatu kwa pumzi moja. Mwambie moja, au mwandikie. Kumwita mvivu hakujamsaidia kwa miaka 30 na hakutamsaidia leo.

Anza kwa daktari wa kawaida aliye karibu nawe ili magonjwa mengine yaondolewe shaka, kisha umwombe barua ya kukupeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Wapo katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, na katika baadhi ya hospitali za kaunti. Usiogope jina la kliniki. Siku ya kwenda, beba ripoti za shule ya msingi kama mamako bado anazo, orodha ya dawa unazomeza, na karatasi yenye mambo yanayokushinda. Iandike leo usiku na kuitia katika kiatu utakachovaa.