Kaktasi ndefu ya matunda: Kwa nini shamba la mche mmoja huchanua bila kuzaa

MKULIMA anaweza kupanda safu nzima ya kaktasi, akaitunza kwa miaka kadhaa na kuiona ikichanua maua makubwa meupe kila msimu, lakini asivune hata tunda moja.

Tatizo hilo halitokani na mbolea wala udongo. Ndiyo tabia ya Cereus repandus, kaktasi ndefu iliyosimama kama nguzo, ambayo ua lake halikubali chavua ya mmea wake wenyewe.

Wengi huipata kwa kuomba kipande kwa jirani na kukizalisha hadi ua wa boma ukamilike. Miche yote hiyo ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Hata ikifika 100, haiwezi kuchavushana.

Kwa anayetaka pambo au ua wa boma, hiyo si hasara. Kwa anayetaka kuuza matunda, ni mtaji na miaka iliyopotea.

Mmea huu hufikia urefu wa mita 10. Shina lake la kijani kibichi, lenye rangi ya kijivu kwa mbali, lina mbavu na miiba, nalo hugeuka kuwa gumu kama mti sehemu ya chini linapozeeka.

Tunda lake halina miiba, tofauti na mpungate. Ganda huwa jekundu, la zambarau au la manjano, nayo nyama ya ndani ni nyeupe, tamu na yenye mbegu ndogo nyeusi zinazolika.

Ingawa kwa muda mrefu mmea huu umehusishwa na Peru kwa jina, nyumbani kwake hasa ni Venezuela na visiwa vya jirani vya Aruba, Curaçao na Bonaire, ambako huitwa kadushi. Wenyeji wa Curaçao huondoa miiba na ganda la nje la shina, kisha huchemsha nyama ya ndani kupata supu inayoteleza kama mlenda, ambayo huliwa kwa samaki au nyama.

Visiwani humo, uchavushaji hufanywa na popo wanaofuata nekta usiku.

Kutoka mwituni hadi sokoni

Safari ya mmea huu kuwa zao la biashara ilishika kasi katika jangwa la Negev, Israel. Katika miaka ya 1980 na 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion mjini Beer-Sheva, wakiwemo Yosef Mizrahi na Avinoam Nerd, walitafuta mazao mapya yanayotumia maji kidogo na ambayo yangepata bei nzuri.

Walianza kwa kuotesha mbegu ili wapate mimea yenye tabia tofauti. Kisha walichagua iliyozaa matunda bora na kuizalisha kwa vipande. Tunda hilo likaingia sokoni kwa jina la koubo, na baadhi yake likauzwa Ulaya.

Siri ya kustahimili ukame imo katika namna mmea unavyopumua. Matundu ya shina hufunguka usiku kunapokuwa na baridi na kufungwa mchana, hivyo maji machache hupotea kwa jua.

Hata hivyo, kustahimili ukame si sawa na kuzaa bila maji. Kule Negev zao hili humwagiliwa. Anayeliacha litegemee mvua haba asitarajie mavuno ya kibiashara.

Jinsi ya kupanda

Njia rahisi ni kutumia vipande vya shina. Kata kipande cha sentimita 30 hadi 60 kwa kisu safi, kutoka mmea wenye afya. Usikipande siku hiyo hiyo. Kiweke kivulini, mahali pakavu penye hewa, kwa wiki mbili au zaidi hadi kidonda kikauke na kufanya gamba. Kipande kibichi kikiwekwa kwenye udongo wenye unyevu huoza.

Udongo unaofaa ni ule usiotuamisha maji. Mwenye udongo wa mfinyanzi achanganye mchanga na changarawe, au ainue tuta. Panda kwa kina cha kutosha kipande kisianguke, na ukishikilie kwa mti kama eneo lina upepo.

Mwagilia kidogo mwanzoni, kisha ongeza mizizi inaposhika. Kabla ya kumwagilia tena, acha udongo ukauke. Maji yakizidi, mizizi na shina huoza, na huo ndio ugonjwa unaoua kaktasi nyingi za kupandwa.

Jua la kutosha ni muhimu, lakini mche uliolelewa kivulini usitolewe ghafla, kwani ngozi yake huungua. Uzoeshe hatua kwa hatua.

Mbegu pia huota, ila miche yake huchelewa zaidi kuzaa na matunda yake huenda yasifanane na ya mmea mama.

Kupata matunda

Changanya shambani angalau aina mbili zisizotokana na mmea mmoja. Unaponunua vipande, muulize muuzaji vimetoka mimea mingapi tofauti, na uweke alama kila safu.

Ua hufunguka jioni na kufungwa asubuhi inayofuata. Nyuki huweza kulichavusha mapema asubuhi kabla halijajifunga. Wasipokuwepo, mkulima huchukua chavua ya aina moja kwa brashi laini na kuipaka kwenye ua la aina nyingine, usiku huo huo.

Vuna tunda likishabadilika rangi kabisa. Likiachwa mtini hupasuka, na lililopasuka halisafiri mbali.

Tahadhari

Afrika Kusini ina funzo chungu. Cereus jamacaru, ndugu wa mmea huu kutoka Brazil, uliletwa kama pambo. Ndege na wanyama walikula matunda na kusambaza mbegu, na leo sheria inataka udhibitiwe kama gugu vamizi. Kenya nako, mpungate wa Opuntia stricta umevamia malisho Laikipia.

Kwa hivyo, usitupe vipande kando ya barabara au malishoni, kwa sababu huota. Matunda yasiyouzika yaondolewe shambani.

Anayetaka kuagiza miche kutoka nje ya Kenya sharti apate kibali cha KEPHIS. Kaktasi pia zinalindwa na mkataba wa CITES kuhusu biashara ya viumbe wa porini, hivyo huenda stakabadhi za nchi inayouza zikahitajika.

Jihadhari pia na miti ya jamii ya minyaa inayofanana na kaktasi katika nyanda kame. Ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao ni sumu na hudhuru macho. Shina la Cereus halitoi utomvu wa aina hiyo.

Kwa anayeanza, ni busara kupanda miche michache ya aina tofauti, kuona iwapo inazaa na kama wateja wa eneo lake wanalipenda tunda hilo, kabla ya kutenga ekari nzima.