Buibui mdogo wa ukutani: kabla ya kumpiga kiatu, mtazame kwanza

KINDU – Ni saa mbili asubuhi katika komini ya Mikelenge. Ukutani, kando ya dirisha, buibui wa kijivu asiyepita ukubwa wa punje ya mahindi amesimama kimya. Inzi anatua karibu naye. Buibui anageuka, anamkazia macho, anasogea polepole kama paka mbele ya panya. Halafu anaruka. Inzi amekwisha.

Wakaaji wengi wanamjua mdudu huyu kwa sura tu, na wakimwona wanatafuta kiatu au ufagio. Lakini huyu ni buibui mrukaji, mwindaji asiyetega wavu. Ana macho manane, mawili makubwa yakiwa mbele, ndiyo maana ukimsogelea anakugeukia kana kwamba anakuchunguza. Anaruka kwa kusukuma damu kwa nguvu ndani ya miguu yake, ambayo inanyooka ghafla. Kabla ya kuruka anabandika uzi ukutani, ili akikosa asianguke chini.

Je, ana sumu? Ndiyo, ya kuulia wadudu anaowakula. Kwa mtu si hatari. Hauma ovyo, akibanwa mkononi anaweza kuuma, na maumivu ni madogo, yanapita.

Faida yake iko kwenye chakula chake: inzi, mende wachanga, na mbu. Mbu anayeleta malaria huuma usiku, na mchana mara nyingi hupumzika ndani ya nyumba, ukutani. Hapo ndipo mrukaji anapita akiwinda.

Kando ya Ziwa Viktoria, nchini Kenya na Uganda, kuna jamaa yake mmoja anayepita wote. Mwaka 2005, watafiti walionyesha kwamba anapenda zaidi mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo anaipata damu hiyo kupitia tumbo la mbu.

Tusidanganyane: buibui hachukui nafasi ya chandarua. DRC ni nchi ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wagonjwa wengi wa malaria. Mtoto alale ndani ya chandarua, na akipata homa apelekwe haraka kwenye kituo cha afya. Lakini dawa tunayopuliza chumbani inaua pia huyu mlinzi asiyedai mshahara, na mbu wapya wanaingia kesho yake kupitia dirisha lilelile.

Kama watoto wanamwogopa, mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini yake, umtoe nje akiwa mzima. Kama hakuna anayemwogopa, mwache aendelee na kazi.

Saa nne, jua limepanda. Buibui wetu amemaliza inzi wake, amerudi kwenye ufa wa dirisha. Anatazama nje, akingoja mwingine.